Skuta Si Begi

Ukitaja kijiweni kwetu suala la mtu mwenye ulemavu wa miguu kusafiri kwa ndege na skuta yake ya umeme, wenzako watakucheka. "We naye, nani ana hela ya ndege hapa? Boom lenyewe linaisha wiki ya tatu." Ni kweli. Mimi safari zangu zote za Dar ni basi, na nikishuka Mbezi miguu imevimba. Ila hoja hiyo ya kwamba ndege ni ya wenye nazo ndiyo inayofanya jambo hili lisizungumzwe kabisa, na kwa maoni yangu haina mashiko.

Kutoka Songea hadi Dar kwa barabara ni karibu kilomita 1,000, unapita Njombe, Makambako, Iringa, Mikumi na Morogoro. Wewe na mimi tatizo letu ni kukaa muda mrefu. Kwa mtu asiyeweza kusimama tatizo linaanza mlangoni. Ngazi za basi ziko juu na ni nyembamba, kwa hiyo anabebwa na kondakta na mpiga debe kama gunia, stendi nzima ikitazama. Skuta inasukumwa kwenye buti pembeni ya mahindi na ndoo za watu. Halafu kuna kuchimba dawa. Basi linasimama porini dakika tano, wanaume upande huu, wanawake upande ule, yeye amebaki kitini. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili, anasoma ualimu kama mimi, aliniambia akiwa na safari ya basi anaacha kunywa maji tangu mchana wa siku iliyotangulia. Hebu niambie, kwa mtu huyu safari ya ndege isiyofika saa mbili ni anasa?

Haya, tuseme ndugu wamechanga, tiketi imepatikana. Ndege ya Q400, ile Bombadia tunayoiita pangaboi, inabeba abiria 76 na ngazi zake zimo ndani ya mlango wenyewe: mlango ukifunguliwa unalala na kuwa ngazi. Ni ubunifu mzuri kwa viwanja vidogo kama chetu cha Ruhuwiko. Lakini kwa mwenye skuta ngazi ni ngazi tu. Ataachana na skuta chini, apandishwe kwa kiti chembamba au kwa mikono ya watu, na kuanzia hapo skuta inahesabiwa mzigo. Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Begi langu likichelewa siku mbili nitaazima shati. Skuta ikichelewa siku mbili, mwenyewe hatoki chumbani.

Na skuta ina betri, jambo linalowatia watu hofu kuliko yote. Hofu ina sababu, maana betri ya lithiamu ikipata hitilafu inaweza kushika moto, na moto wake ni mgumu kuzima. Ndiyo maana zipo kanuni za kimataifa. Betri ya lithiamu inayochomoka hutolewa kwenye skuta, ncha zake zikafunikwa, na mwenyewe akaingia nayo ndani ya ndege badala ya kuiacha kwenye mizigo. Kikomo ni wati-saa 300 kwa betri moja, au 160 kwa kila moja zikiwa mbili, na shirika lazima liwe limekubali kabla. Betri za jeli zisizovuja zina utaratibu wake, mara nyingi zinabaki palepale kwenye skuta zikiwa zimefungwa vizuri na kukatwa umeme. Wati-saa unazipata kwa kuzidisha volti mara saa-ampea, zote zimeandikwa kwenye betri. Ya mwenzetu ni volti 24 na saa-ampea 12. Zidisha: 288. (Watu wa fizikia mnaweza kuifanya hii usingizini.)

Yaani imo ndani ya kikomo. Pamoja na hayo, kwenye safari yake moja mwaka jana, shirika na kiwanja nayaacha, kijana wa kaunta alimwambia neno moja tu: betri haipandi ndege. Hakusoma namba, hakupiga simu kwa mkubwa wake. Foleni nyuma ilikuwa inaguna, muda unakwenda. Akaiacha betri kwa binamu yake aliyemsindikiza, akapanda. Skuta ikafika Songea salama bila mkwaruzo, ila bila betri ni chuma cha kilo arobaini na kitu. Betri ilikuja kwa basi baada ya siku tisa. Siku hizo tisa tulimsukuma kwa zamu kwenda vipindini, na mnaijua milima ya mji huu. Asubuhi mbili hakuna aliyeweza kufika kwa wakati na akakosa jaribio. Mhadhiri alimrudishia moja. La pili limebaki sifuri.

Wenzetu wa mbele nao hawajamaliza. Marekani wana sheria ya haki za abiria wenye ulemavu tangu 1986, lakini mwaka 2023 peke yake viti mwendo na skuta zaidi ya 11,000 viliharibiwa, vilicheleweshwa au vilipotezwa na mashirika yao. Tunajua idadi hiyo kwa sababu sheria inayalazimisha mashirika kuripoti. Oktoba 2024 serikali yao ililitoza American Airlines faini ya dola milioni 50 kwa jinsi lilivyowatendea abiria hao na vifaa vyao. Sisi tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga Sheria Na. 9. Karatasi tunazo. Ninachotaka ni zile namba: viti vingapi vimepanda ndege zetu na vingapi vimefika vizima, zitangazwe kila mwaka.

Kwa safari za nje ya nchi kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, nao unakiita kifaa hiki mzigo. Fidia ya mzigo imewekewa ukomo, kwa sasa kama dola 2,000 hivi, wakati kiti kizuri cha umeme kinauzwa mara kadhaa ya hapo. Upo mlango mmoja ambao wengi hawaujui: kabla ya kukabidhi kifaa, abiria anaweza kutamka thamani yake halisi kwa maandishi, pengine akalipia kidogo, na ukomo ule ukapanda. Ukipata ufadhili wa kwenda kusoma nje na una kiti cha umeme, lifanye hilo kaunta, kabla hawajakibeba.

Serikali yetu ya wanafunzi nayo isijifiche nyuma ya wizara. Fomu ya kuomba kituo cha mazoezi ya kufundisha inauliza dini, inauliza hadi namba ya simu ya mjomba, lakini haiulizi kama unatumia kifaa cha kutembelea. Waongeze mstari huo. Pia ofisi ya mlezi wa wanafunzi itoe barua yenye uzito wa kifaa, aina ya betri na wati-saa zake, itumwe kwa shirika siku tiketi inapokatwa, ili kijana wa kaunta akute jibu limeshatoka kwa wakubwa wake. Barua ya ukurasa mmoja, na mhuri wa chuo. Mwenzetu anaanza mazoezi ya kufundisha Julai, na kituo chake bado hakijapangwa.