Sukari Itoke kwenye Chupa ya Chai

Mtu akinenepa Bomet, hukumu huwa tayari: ama mambo yamemnyookea, ama ni mvivu na mlafi. Hukumu zote mbili hazina msingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake wapatao 45 kwa kila 100 nchini Kenya wana uzito uliozidi, wengine kufikia unene wa kupindukia. Kwa wanaume ni 19. Haiwezekani karibu nusu ya akina mama wa nchi wakawa wamekosa nidhamu kwa mkupuo. Kilichobadilika ni kile tunachoandaliwa kila siku, na hapo ndipo pa kuanzia.

Tuitazame chai yenyewe. Jani linalochumwa Konoin, humu humu Bomet, halimnenepeshi mtu. Ila chai yetu huchemshwa na maziwa, sukari ikatiwa humo humo sufuriani, kisha ikamiminwa kwenye chupa kumngojea yeyote atakayefika. Mgeni hachagui. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vitatu ni takriban gramu 36 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Hapo mandazi na soda hazijahesabiwa, wala mafuta ya kupikia, ambayo kijiko kimoja kikubwa kina kalori zipatazo 120.

Kuna watakaosema huku watu wanalima na kuchuma chai, tena ni nchi ya wakimbiaji, kwa hiyo sukari huyeyukia kazini. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu wanayotumia kwa siku Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao huwinda na kuchimba mizizi. Ukizingatia ukubwa wa mwili, haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya. Yaelekea mwili ukitumia nguvu nyingi huku, hubana matumizi kule. Kutembea na kulima kunaufaa sana moyo, kunashusha presha, na asiache mtu. Lakini jembe peke yake halifuti kilicholiwa.

Wala dawa za kupunguza tumbo kwa wiki mbili, au kuapa kutogusa ugali tena, si jibu. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwapima watu waliopunguza uzito kwa kasi katika shindano la televisheni: miaka sita baadaye miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa, na wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao. Linganisha na utafiti mwingine wa huko huko, wa 2002, ambao washiriki wake walilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 90, hizo ni kilo sita na kitu. Ugali ukimegwa mdogo, managu, saga na maharagwe vikaongezwa, ni jambo analoweza kuendelea nalo miaka na miaka.

Pingamizi zito zaidi ni la njaa: tuzungumzeje unene wakati utafiti ule ule wa 2022 ulikuta watoto 18 kwa kila 100 wamedumaa? Lakini mara nyingi mama mnene na mtoto aliyedumaa hula sufuria moja. Sukari haimpi mtoto protini wala madini aliyokosa. Inamshibisha tu kabla ya maziwa na maharagwe kumfikia.

Basi kwenye vyama, makanisani na matangani, chai ichemshwe bila sukari, bakuli la sukari likae pembeni na kijiko chake. Ukarimu haupungui kitu. Anayetaka vijiko vinne atajitilia, na aliyeshauriwa na daktari apunguze hatalazimika kukataa kikombe mbele za watu.