Walinzi Wanne wa Prosesa: Kerneli Ndiyo Iwapange

Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu tumekikalia bila kujua: vituo vya ulinzi vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Vituo hivi ni vichache mno kuachiwa kila programu ijichukulie, na vina faida kubwa mno kufungiwa kabatini. Kerneli, yaani moyo wa mfumo wa uendeshaji, ndiyo ivitunze na ndiyo ivigawe.

Kwa msomaji asiyeandika programu, nianze na mfano wa huku kwetu Kwale. Vijiji vingi vinategemea pampu za mkono. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walibuni kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya mpini wa pampu. Mpini ukipanda na kushuka, kifaa huhesabu mwendo na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Walikijaribu Kyuso, Kitui, kisha kikaja Kwale. Kule Kyuso, kukiwa na mafundi walio tayari kuitika, muda wa wastani wa pampu kukaa imeharibika ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Hakuna tena haja ya mtu kuzunguka kutoka Msambweni hadi Lunga Lunga akiuliza ni kisima gani kimekufa. Ulinzi umewekwa pale pale tukio linapotokea.

Kifaa kile si sehemu ya prosesa, lakini fikra ni ile ile. Chukua programu yenye kaunta kwenye kumbukumbu. Kaunta inasoma 40, ghafla inasoma namba ya ajabu. Nani ameiandika? Mistari ya programu ni maelfu, na yeyote kati yao anaweza kuwa mhalifu.

Wengi wetu hukimbilia kupachika amri za kuchapisha ujumbe kila kona. Njia hii ina tatizo: kuchapisha kunachukua muda, mwendo wa programu unabadilika, na kasoro inajificha. Ukiondoa zile amri, inarudi. Njia ya pili ni kuiacha dibaga iiendeshe programu hatua moja moja, ikikagua kaunta baada ya kila hatua. Hapo mwendo unaweza kuwa wa polepole mara mamia. Kwa kasoro inayojitokeza baada ya siku mbili za kazi, utangoja mpaka uote mvi.

Njia ya tatu ni kuiambia prosesa yenyewe: "Linda anwani hii. Yeyote akiandika hapo, simamisha kazi uniite." Intel waliweka uwezo huu kwenye prosesa ya 80386 mwaka 1985, na umeendelea kurithiwa hadi leo. Kuna rejista nne za anwani, DR0 hadi DR3. DR7 inasema ulinde nini: kuandika, au kusoma na kuandika, au kutekeleza amri. DR6 inaeleza ni mlinzi yupi aliyepiga kelele. Kila mmoja hulinda baiti 1, 2, 4 au, kwenye mfumo wa biti 64, baiti 8. Programu inaendelea kukimbia karibu kwa kasi yake ya kawaida mpaka mhalifu aguse.

Sasa hesabu vizuri: walinzi ni wanne tu kwa kila kori. Hebu fikiria hoteli ya Diani yenye askari wanne na wapangaji mia, na kila mpangaji ana ruhusa ya kumhamisha askari bila kumwambia mwenzake. Ukiamka asubuhi, geti liko wazi. Wahenga wa pwani walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye Linux. Dibaga za programu za kawaida zilikuwa na njia yao ya kuzifikia rejista hizi, na dibaga ya kerneli ilikuwa na yake. Toleo la 2.6.33, Februari 2010, lilileta daftari moja la pamoja. Anayetaka mlinzi anaomba. Kerneli inahesabu waliobaki. Nafasi zikijaa, mwombaji anajibiwa kwamba hakuna. Jibu hilo la "hakuna" ni bora kuliko kupewa mlinzi ambaye mwingine atamwondoa kimyakimya.

Kazi ya kerneli haiishii kwenye daftari. Kila kori ina seti yake ya rejista, na programu huhama kutoka kori moja hadi nyingine. Kwa hiyo kila zamu inapobadilika, kerneli lazima iwaondoe walinzi wa programu inayotoka na kuwapanga wa ile inayoingia. Pia lazima ikatae programu ya kawaida isiweke mlinzi kwenye kumbukumbu ya kerneli yenyewe.

Kuna wanaosema vitu hivi ni hatari, vifungwe kabisa kwenye vifaa vinavyopelekwa kwa watu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mei 2018 ilitangazwa kasoro ya CVE-2018-8897. Kengele ya mlinzi iliweza kucheleweshwa kwa amri moja, ikalia wakati prosesa imeshaingia ndani ya kerneli kabla kerneli haijajipanga. Windows, Linux, macOS na FreeBSD zote ziliguswa, kwa sababu waliozitengeneza hawakuelewa vyema tabia hiyo ya prosesa. Lakini tazameni dawa iliyotumika: kerneli zilirekebishwa zipokee kengele hiyo kwa uangalifu. Hakuna aliyewafukuza walinzi.

Tena walinzi hawa hawaoni kila kitu. Kifaa kama kadi ya mtandao kikiandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa, kengele hailii. Anayejua mpaka huo hatapoteza wiki nzima akimlaumu mlinzi.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili nikiwa Kwale? Kwa sababu vifaa vyenye kompyuta ndani vimeshaingia kwenye maji, umeme wa jua na malipo, na vingi viko mbali na maabara. Kifaa kikigoma, dawa inayozoeleka ni zima-washa. Kinaamka, lakini chanzo cha ugonjwa hakijulikani, na wiki ijayo akina mama watabeba tena madumu hadi kijiji cha pili. Anayeagiza vifaa vya namna hiyo aulize kabla ya kulipa: je, kerneli ya kifaa hiki inamruhusu fundi aliyeidhinishwa kuweka kituo cha ulinzi? Kama umefunga kila mlango, umemfungia nje hata daktari.

Na nyinyi vijana mnaojifunza, zoezi ni la dakika 10. Andika programu fupi, ifungue kwenye gdb, andika watch na jina la kaunta, kisha run. Itakapokuambia "Hardware watchpoint", ujue umepewa mmoja wa wale walinzi wachache. Mtumieni vizuri, na mkimaliza mrudisheni.