Gitari haiui Kiluba, kimya ndicho kinakiua

Hapa Kiambi tunasikia maneno mawili. Wazee: gitari ya umeme itaharibu nyimbo za mababu. Vijana: Kiluba ni cha kijijini, muziki ni Lingala. Wote wako na makosa.

Kule Nyuzilandi, vijana wa Alien Weaponry wanapiga metali, muziki mzito wa makelele, na wanaimba Kimaori. Sahani yao Tū ilitoka 2018. Ulaya watu wanajaa kuwasikiliza bila kuelewa neno, na hakuna anayecheka.

Tena tusiende mbali. Kinshasa, Mzee Mingiedi, aliyefariki 2015, alitia umeme ndani ya likembe la Wazombo. Sumaku alizitoa katika vyuma vya magari mabovu. Sahani Congotronics ya kikundi chake, Konono N°1, ilitoka 2004, ikazunguka dunia. Je, likembe lilikufa? Hapana! Lilipata sauti ya kushinda kelele za mji.

Katiba ya 2006, kifungu cha 1, inataja lugha nne za taifa. Kiluba chetu hakimo, maana Tshiluba ni ya Kasai. Lugha zingine inaziita urithi wa nchi, serikali izilinde. Vizuri, lakini serikali haitakuja kuimba kwa niaba yetu.

Basi wazee, wapeni vijana mithali, majina ya mababu, nyimbo za kazi na za kilio. Vijana, leteni gitari. Lugha isiyoimbwa na vijana inabaki ya matanga tu, na siku moja matanga yatakuwa yake yenyewe.