NETIBOLI SI MCHEZO WA SHULENI TU



Yumkini nyumbani mwako yumo mama, dada au shangazi ambaye siku za shule alikuwa hodari wa netiboli. Muulize alicheza mara ya mwisho lini. Wengi watakujibu kuwa ni mwaka waliomaliza shule, au mwaka walioolewa. Kaka zao, waliokwisha kuota vitambi, bado huonekana viwanjani kila Jumamosi jioni wakifukuza mpira, wala hapana anayewauliza wamepewa ruhusa na nani. Jambo hili si dogo. Kwa hiyo leo tuutazame mchezo huu: asili yake, kanuni zake, na namna ya kuuanza upya.

ASILI YAKE

Netiboli ni binti wa mpira wa kikapu. Mwezi Desemba 1891, mwalimu James Naismith wa mji wa Springfield, Marekani, alitundika makapu mawili ya matunda ukumbini, akawapa vijana wake mchezo wa kucheza ndani wakati wa baridi. Miaka michache baadaye mchezo huo ulifika Uingereza, katika chuo cha mazoezi ya viungo cha wanawake kilichoanzishwa na Bi. Martina Bergman-Österberg. Huko pete zikashika nafasi ya makapu, na uwanja ukagawanywa sehemu tatu. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 1901.

Wanawake wa zama hizo walivaa magauni yaliyofika miguuni, na kukimbia huku wakidunda mpira kungewatatiza. Netiboli basi ikawa mchezo wa kupasiana. Kilichoanza kama kizuizi kikageuka kuwa sifa yake kubwa, kwani hakuna awezaye kuuteka mpira peke yake na kuwasahau wenzake.

Mchezo ulienea pamoja na shule za Kiingereza, na hadi leo nguvu yake imo katika nchi za Jumuiya ya Madola. Mwaka 1960 wajumbe walikutana Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, wakakubaliana juu ya kanuni za pamoja. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Eastbourne, Uingereza, mwaka 1963, na Australia ikashinda. Mwaka 2023 Kombe la Dunia lilichezwa Cape Town, kwa mara ya kwanza katika Afrika, na jirani zetu wa Uganda wakashika nafasi ya tano.

KANUNI ZAKE

Timu ina wachezaji saba, na uwanja una urefu wa meta 30.5 na upana wa meta 15.25. Pete iko juu meta 3.05. Kila mchezaji huvaa herufi zinazoonyesha kazi yake na sehemu anazoruhusiwa kufika. Wenye GS na GA ndio pekee wanaofunga, nao hufunga wakiwa ndani ya duara la kufungia. GK na GD huwazuia wapinzani wasifunge. WA, WD na C huunganisha timu katikati ya uwanja.

Aliyeudaka mpira hana budi kuutoa au kufunga kabla sekunde tatu hazijapita. Anayemzuia lazima akae umbali usiopungua sentimeta 90. Mchezo mzima huwa na robo nne, za dakika 15 kila moja.

STADI ZA MSINGI

Kwanza, kudaka. Nyosha mikono kuufuata mpira, panua vidole, kisha uvute kifuani. Anayeungoja umfikie huporwa.

Pili, kutua. Ukitua kwa mguu mmoja, mguu huo ndio nanga yako. Waweza kuupeleka mwingine popote na kugeuka. Lakini ukiinua nanga, utoe mpira kabla haijagusa chini tena. Tua huku umekunja magoti, kwani anayetua kwa miguu iliyokakamaa huumia.

Tatu, kupasi. Mpe mwenzako mpira pale anapokwenda, si pale alipo.

Nne, kufunga. Simama imara, inua mpira juu ya kichwa, kunja magoti kidogo, kisha usukume kwa vidole ili upande juu na kuiangukia pete kutoka juu.

Aliyekaa miaka bila kucheza aanze polepole. Juma la kwanza na atembee kwa kasi na kudaka mpira unaorudi kutoka ukutani. Mpira wa kawaida wa miguu, namba tano, unatosha. Pete aweza kuichomelea fundi yeyote wa vyuma, na uwanja wa udongo uliofagiliwa vizuri hauna ila.

NENO KWA BABA

Ndugu mwanamume unayeusoma ukurasa huu, mkeo haachi kucheza kwa sababu ya uvivu. Jumamosi jioni, wakati wewe uko uwanjani, yeye ana maji ya kuteka, chakula cha kupika na watoto wa kuogesha. Muda wako wa michezo umetokana na jasho lake. Saa mbili kwa juma, ukiosha vyombo na kulea watoto, utakuwa umelipa sehemu ndogo tu ya deni hilo.

Kazini nako, wanawake wasikumbukwe mashindano ya SHIMIWI yanapokaribia tu. Timu inayokusanywa siku kumi kabla ya safari hurudi na majeruhi, si kombe.

Na binti akimwona mama yake anaruka na kudaka, hatahitaji hotuba ya mtu kumwambia kuwa mwili wake ni mali yake na una nguvu.

Jumapili ijayo, tukijaaliwa, tutazungumza juu ya mpira wa wavu.