Karatasi Si Hukumu

Binti ami yangu ni muuguzi katika Uingereza. Usiku mmoja alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Alikuwa amepata barua ya wino mwekundu, yenye picha ya gari lake na amri ya kulipa pauni 100, au pauni 60 kama angelipa katika muda wa siku 14. Kosa lake, barua ilisema, ni kuliacha gari katika kiwanja cha watu binafsi cha kuegesha magari pasipo kulipa. "Kaka," aliniuliza, "nisipolipa nitafungwa?" Nami nilimwuliza swali moja tu: ni nani aliyeiandika barua hiyo? Alinyamaza kitambo. Hakuwa ametazama.

Katika kunyamaza huko ndimo mnamopatikana faida ya watu wengi. Barua za namna hii aghalabu hufananishwa na hati za polisi au za halmashauri ya mji, ili mpokeaji atetemeke kabla hajasoma. Lakini mwenye kiwanja si serikali, na wakala wake si hakimu. Halmashauri hutoza faini kwa sababu imepewa uwezo huo na sheria. Kampuni haina uwezo wa kumwadhibu mtu; ina dai tu, kama mwenye duka amdaivyo mteja wake. Msingi wa dai hilo ni mapatano: kibao kiwanjani kimetaja masharti, na mwenye gari, kwa kuingia na kukaa, huhesabiwa kuwa ameyakubali. Akibisha, mdai hana budi kwenda mahakamani kuthibitisha neno lake. Hawezi kumtia mtu gerezani. Hata kulifunga gurudumu la gari kwa chuma, jambo lililokuwa desturi katika viwanja hivyo, kulikatazwa katika Uingereza na Wales tangu tarehe 1 Oktoba 2012.

Hapa hutokea kundi la pili, nalo silipendi kuliko la waoga. Hao husema: madhali si faini, ichane uitupe. Huo ni ushujaa wa mtu aliyefumba macho. Tarehe 15 Aprili 2013 Bwana Barry Beavis aliegesha gari katika kiwanja cha maduka mjini Chelmsford, mahali ambapo kukaa saa mbili kulikuwa bure. Alizidisha dakika 56. Kampuni ya ParkingEye ilimdai pauni 85. Alibisha mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 4 Novemba 2015 majaji sita kati ya saba walisema kwamba dai lile ni halali. Naye alikuwa amejitetea! Aitupaye hati ya mahakama bila ya kujibu huweza kuhukumiwa pasipo kusikizwa, na asipolipa katika muda wa mwezi mmoja, jina lake hukaa miaka sita katika daftari ambalo wakopeshaji hulisoma.

Sisemi kuwa majaji wale sita walikosa kila kitu. Kiwanja kisicho na utaratibu hujaa magari ya watu wasionunua hata kiberiti, na mama mwenye mtoto na kikapu hukosa nafasi. Ugomvi wangu ni na biashara yenyewe. Kule Chelmsford kampuni haikulipwa na mwenye ardhi ili imlindie kiwanja. Yenyewe ndiyo iliyomlipa yeye pauni 1,000 kila juma, na pato lake kiwanjani mle lilikuwa moja tu, yaani fedha za waliokosea. Hebu mfikirie mlinzi asiyepata mshahara ila wezi wakija. Je, ataziba ufa wa ukuta? Atawasha taa? Watu wote wakitii vibao mwaka mzima, biashara ya namna hiyo hufa kwa njaa. Jaji wa saba, Lord Toulson, aliona kwamba pauni 85 zilipita mno hasara yoyote iliyoweza kutokea, na kwamba sharti lile halikuacha nafasi ya udhuru wala ya muhula. Alishindwa kwa hesabu ya vichwa. Kwa hoja sioni aliposhindwa.

Bunge la Uingereza nalo liliona kasoro. Mwaka 2019 lilipitisha sheria ili viwanja vyote vya namna hii vifuate kanuni moja ya serikali. Kanuni ilitangazwa Februari 2022. Kampuni zikaenda mahakamani kuipinga, na Juni ya mwaka ule ule serikali ikaiondoa. Wakati raia walipokuwa wakichana barua, kampuni zilikuwa zikisoma sheria.

Wala msomaji wa Kenya asidhani kuwa haya ni mambo ya ng'ambo tu. Sheria yetu ya mapatano imejengwa juu ya ile ya Waingereza, na hukumu za London, ingawa hazitufungi, husomwa katika mahakama za Nairobi. Kibao cha duka kubwa kisemacho kuwa aliyepoteza tiketi atalipa kiasi fulani ni cha ukoo ule ule. Mlinzi wa langoni akikuambia ulipe, unayo haki ya kumwuliza, kwa adabu, sharti hilo limeandikwa wapi, na kama lilionekana ulipokuwa ukiingia.

Binti ami yangu aliisoma barua yake mara ya pili, safari hii kwa kalamu mkononi. Akagundua kuwa siku ile alilipa pauni 3, ila katika mashine aliandika herufi O mahali pa sifuri katika namba ya gari lake. Stakabadhi ilikuwa mkobani. Aliiandikia kampuni na kuambatisha nakala. Ikamkatalia kwa mistari mitatu. Hapo akapeleka rufani kwa waamuzi wasio wa kampuni, ambao mwenye gari hawalipi kitu, akaeleza habari yake katika ukurasa mmoja, usiku, baada ya zamu. Baada ya majuma kadhaa dai likafutwa. Barua ya kampuni ya kumjulisha hivyo haikuwa na wino mwekundu, wala haikuwa na neno la samahani.