Sheria za kodi zinahesabu nyumba ya mama, mama mwenyewe hazimhesabu

Mfanyabiashara anayevuka mpaka kila wiki kati ya Kenya, Uganda na Tanzania hubeba maswali mawili yasiyoulizwa kwenye dirisha la forodha. La kwanza: kwa upande wa kodi ya mapato, yeye ni mkazi wa nchi gani? La pili: fedha anazompelekea mzazi mzee ng'ambo ya mpaka, je, zinapunguza kodi yake?

Jibu la swali la kwanza linaweza kuwa nchi mbili kwa wakati mmoja. Jibu la swali la pili, katika nchi zote tatu, ni hapana. Majibu hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja, matokeo yake ni ya ajabu: nyumba aliyomjengea mama inaweza kumfanya alipe kodi katika nchi ya pili, ilhali gharama ya kumtunza mama ndani ya nyumba hiyo haipunguzi hata shilingi moja.

Hili si jambo dogo kwa familia za mpakani. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za Busia na Malaba, Wakuria wako Isebania na Sirari, Wamaasai wako pande zote za Namanga, na Wadigo wako Lunga Lunga na Horohoro. Kwa watu hawa mama kuwa nchi nyingine ni mwendo wa bodaboda tu.

Ukazi si uraia

Kosa la kwanza linalofanywa na wengi ni kudhani kwamba kitambulisho cha taifa kinamaliza mjadala. Ukazi wa kodi hauna uhusiano na uraia. Mkenya anaweza kuwa mkazi wa Uganda kwa kodi, na Mtanzania akawa mkazi wa Kenya, bila yeyote kubadili pasipoti.

Kosa la pili ni kuchanganya kodi ya mapato na ushuru wa forodha. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha uasili, unamwondolea ushuru wa kuingiza bidhaa. Haumwondolei kodi ya faida anayoipata baada ya kuziuza.

Sheria za Kenya, Uganda na Tanzania zimeandikwa kwa maneno yanayokaribiana, kwani zina historia moja. Mtu ni mkazi akipita katika mlango mmoja kati ya mitatu. Mlango wa kwanza ni makao ya kudumu. Kenya na Tanzania zinataka mtu awe na makao ya kudumu nchini na awe amefika humo kwa muda wowote katika mwaka husika, hata siku moja. Uganda inatosheka na makao ya kudumu peke yake.

Mlango wa pili ni siku 183. Kenya na Tanzania zinazihesabu ndani ya mwaka wa kodi, unaoanza Januari hadi Desemba. Uganda, ambayo mwaka wake wa kodi huanza Julai, inazihesabu katika kipindi chochote cha miezi 12 kinachoanza au kumalizika ndani ya mwaka huo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa chini ya siku 183 kwa kalenda ya Nairobi, na bado akazifikisha kwa hesabu ya Kampala. Rwanda nayo inaangalia siku 183 katika kipindi cha miezi 12.

Mlango wa tatu ndio unaowanasa wafanyabiashara wa sokoni bila wao kujua. Mtu aliyekuwapo nchini mwaka huu na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka, ni mkazi.

Hesabu ya siku za soko

Hesabu hiyo ni rahisi kuifanya kwa kalenda ya soko. Anayevuka siku mbili kwa wiki, mwaka mzima, anakuwa na siku 104, na hafiki kiwango chochote. Anayevuka siku nne anafikisha 208 na kuingia kwa mlango wa siku 183. Aliye hatarini zaidi ni yule wa siku tatu kwa wiki. Siku zake ni 156 kwa mwaka, chini ya 183, kwa hiyo anajiona salama. Akiendelea hivyo kwa miaka mitatu mfululizo, wastani wake ni 156, mbali juu ya 122, na tayari ni mkazi wa nchi ya pili.

Wapo wanaojitetea kwamba hurudi nyumbani jioni. Utetezi huo ni dhaifu, maana sheria hizi zinazungumzia kuwapo nchini, hazizungumzii kulala. Wapo pia wanaotegemea kwamba kuvuka kwa kitambulisho, jambo ambalo Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikiliruhusu, hakuachi muhuri kwenye pasipoti. Lakini kompyuta ya uhamiaji katika kituo cha pamoja cha mpakani huandika. Mtu asiye na daftari lake mwenyewe la siku hana cha kupingana nayo.

Kuwa mkazi kuna faida na kuna mzigo. Faida ni kwamba nafuu nyingi ni za wakazi pekee. Kenya humpa mkazi nafuu ya binafsi ya Sh2,400 kwa mwezi. Uganda imekuwa, tangu 2012, ikimwachia mkazi Sh235,000 za kwanza za mwezi bila kodi, huku asiye mkazi akianza kukatwa tangu shilingi ya kwanza. Kodi nyepesi za wafanyabiashara wadogo nazo ni za wakazi: kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3 nchini Kenya, kwa mauzo yanayozidi Sh1 milioni hadi Sh25 milioni kwa mwaka, na kodi ya makadirio Uganda na Tanzania.

Mzigo ni kwamba mkazi huulizwa hata alichopata nje. Uganda na Tanzania humtoza mkazi kwa mapato yake ya popote duniani. Kenya husema biashara ya mkazi inayofanywa sehemu ndani na sehemu nje ya nchi, faida yake yote huchukuliwa kuwa imepatikana Kenya. Tanzania inaongeza sharti jingine: kodi ya makadirio ni ya mtu ambaye mapato yake yote yanatoka katika biashara ya ndani ya nchi. Mwenye kibanda Sirari na kingine Isebania hatimizi sharti hilo.

Nyumba ya mama

Hapa ndipo mzazi anapoingia katika hesabu. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mitumba mwenye familia na duka Busia ya Kenya. Mama yake mzee anaishi upande wa Uganda, katika nyumba aliyoijenga mwanawe. Mwana ana chumba chake humo, nguo zake zimo, ufunguo anao, na hulala humo kila anapokwenda kumjulia hali mama.

Je, nyumba hiyo ni makao yake ya kudumu? Katika tafsiri inayotumika kwenye mikataba ya kodi duniani, kinachoangaliwa si jina lililo kwenye hati ya kiwanja. Kinachoangaliwa ni kama mtu ana mahali pa kuishi panapomngoja wakati wote, pawe pake au pa kupanga. Nyumba ambayo mama ndiye mwenyeji na mwana ni mgeni wa usiku mmoja mmoja ni jambo moja. Nyumba ambayo mwana ana chumba chake cha kudumu ni jambo jingine, na afisa wa kodi anaweza kuisoma kuwa makao. Kwa kuwa Uganda haidai idadi ya siku mtu akiwa na makao ya kudumu, mfanyabiashara huyo anaweza kuwa mkazi wa nchi mbili.

Mzazi hayumo kwenye fomu

Mfanyabiashara huyo huyo akitafuta mahali pa kumwandika mama kwenye ritani, hapaoni. Uganda na Tanzania hazina kabisa nafuu ya wategemezi katika kodi ya mapato ya mtu binafsi. Kenya ina nafuu ya bima, asilimia 15 ya malipo ya bima hadi Sh60,000 kwa mwaka, lakini bima yenyewe iwe ya mlipakodi, mwenzi wake au mtoto wake. Bima aliyomkatia mama haimo.

Ndiyo maana wengi huingiza bili ya hospitali ya mama, dawa zake za presha na mshahara wa msichana anayemtunza katika vitabu vya duka kama gharama ya biashara. Ni njia ya hatari. Sheria zote tatu zinakubali gharama iliyotumika kuzalisha mapato tu, na zinakataa matumizi ya nyumbani na ya familia. Mkaguzi akiikuta bili hiyo, ataitoa, atakokotoa kodi upya, na riba na adhabu zitafuata.

Njia halali ipo, nayo ni nyembamba. Mzazi anayefanya kazi ya kweli dukani, akilipwa ujira unaolingana na kazi hiyo na malipo yakaandikwa, ujira wake ni gharama ya biashara. Mzazi aliyelala kitandani si mfanyakazi, na kumwandika hivyo ni udanganyifu.

Cha kushangaza ni kwamba taasisi nyingine za nchi hizi zinamtambua mzazi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania umekuwa ukimruhusu mtumishi anayechangia kuandikisha wazazi au wakwe miongoni mwa wategemezi wake. Kenya huwapa wazee waliotimiza miaka 70 Sh2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Uganda hutoa Sh25,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 80. Zanzibar ilianza pensheni jamii ya wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2016. Serikali zinajua wazee wapo na kwamba wanahitaji kutunzwa. Zinachokataa kukihesabu ni mchango wa mtoto.

Kwingine hufanyaje

Ujerumani humruhusu mlipakodi kupunguza fedha alizomtumia mzazi mhitaji hata akiwa nje ya nchi, kwa ukomo unaoshuka kulingana na gharama za maisha za nchi anakoishi mzazi, na tangu 2025 fedha hizo sharti zipitie benki. India, katika mfumo wake wa zamani wa kodi, hutoa punguzo la hadi rupia 50,000 kwa bima ya afya ya wazazi waliofika miaka 60. Marekani humtambua mzazi kama mtegemezi hata asipoishi na mwanawe, lakini mzazi awe raia wa Marekani au mkazi wa Marekani, Kanada au Mexico. Ndugu aliye Marekani anayechangia matunzo ya mama aliye Busia hapati kitu.

Mamlaka za mapato za kanda zina hoja yao. Walipakodi ni wachache, madai ya uongo ni rahisi, na mama mmoja anaweza kuandikwa na watoto sita. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina dawa: ukomo wa kiasi, namba ya kitambulisho cha mzazi, na ushahidi wa kutuma fedha kwa benki au simu. Hoja nzito zaidi ni nyingine. Anayelipa asilimia 3 ya mauzo ghafi hapunguzi gharama yoyote, hivyo nafuu ya mtegemezi haitamgusa. Kwake yeye, bima ya afya inayomkubali mzazi aliye ng'ambo ya mpaka ingefaa kuliko mstari mpya kwenye ritani.

Mkataba unaongoja

Suala la kuwa mkazi wa nchi mbili lilikwisha kupata jibu kwenye karatasi. Novemba 30, 2010, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Una ngazi za kuamua mtu ni wa nchi ipi: kwanza makao ya kudumu, kisha mahali maisha na mali zake zilipo zaidi, kisha anakoishi kwa kawaida, kisha uraia. Haujaanza kutumika, kwa sababu si nchi zote zilizouridhia. Tangu hapo Jumuiya imepokea Sudan Kusini, Kongo na Somalia, na mpaka umezidi kuwa mrefu.

Mpaka siku hiyo ifike, mfanyabiashara ana mambo manne ya kufanya. Aandike siku zake za kuvuka, mwaka hadi mwaka. Ahifadhi risiti na hati za kodi aliyolipa kila upande, kwani Uganda na Tanzania humruhusu mkazi kukata kodi aliyolipa nje kwa mapato yale yale, akiwa na ushahidi. Aombe cheti cha ukazi wa kodi katika nchi anakojihesabu. Na atenganishe fedha za mama na fedha za duka, mama apate fungu lake linalotoka kwenye faida baada ya kodi.

Hilo la mwisho linauma, kwa sababu ndilo linaloonyesha wazi anavyolipa mara mbili: analipia nyumba, na analipia mama. Wabunge wa Afrika Mashariki mjini Arusha na mawaziri wa fedha wanaosoma bajeti zao kila Juni wanaweza kuanza na lililo jepesi. Mkataba wa 2010 hauhitaji kuandikwa upya, unahitaji kuridhiwa.