Mtihani wa sheria Marekani: hoja huimarishwaje?

Kijana anayetaka kusomea sheria Marekani haulizwi kwanza kama anajua sheria. Anapimwa kama anaweza kusoma hoja ya mtu na kutambua inasimama juu ya nini. Tangu Agosti 2024 kipimo hicho kimepewa uzito mkubwa kuliko zamani. Katika makala haya tunaeleza kilichobadilika, pamoja na aina moja ya swali inayohitaji umakini: swali la kuimarisha hoja.

LSAT ni nini?

Hapa Tanzania kijana anaweza kuingia chuo kikuu kusomea sheria akitoka kidato cha sita. Marekani si hivyo. Huko kwa kawaida mtu humaliza kwanza shahada ya fani yoyote, ndipo huomba nafasi katika chuo cha sheria na kusoma miaka 3 mingine.

Waombaji wengi hufanya mtihani uitwao LSAT, ulioanza mwaka 1948 na unaosimamiwa na taasisi ya LSAC. Baadhi ya vyuo hupokea pia mtihani mwingine. Alama za LSAT huanzia 120 hadi 180. Vyuo huzitazama wakati wa kugawa nafasi, na mara nyingi hata wakati wa kugawa ufadhili. Kwa hiyo tofauti ya alama chache inaweza kuamua nani atasomeshwa na nani atakopa.

Nini kilibadilika?

Zamani sehemu moja ya mtihani ilikuwa ya mafumbo ya kupanga: nani akae kando ya nani, nani atangulie na nani afuate. Watahiniwa wengi walichora michoro ili kupata jibu. Mtu mmoja asiyeona, kutoka jimbo la Michigan, alikwenda mahakamani akisema kwamba asiyeweza kuchora hashindani kwa haki katika sehemu hiyo. Mwaka 2019 pande mbili zilipatana, na LSAC ikakubali kutafuta njia nyingine ndani ya miaka 4. Agosti 2024 mafumbo hayo yakaondolewa.

Nafasi yake ilichukuliwa na sehemu ya pili ya kupima hoja. Leo, kati ya sehemu 3 zinazohesabiwa alama, 2 ni za hoja na 1 ni ya kusoma na kuelewa. Kila sehemu ina dakika 35. Sehemu ya hoja ina maswali kama 25, maana yake kila swali lina chini ya dakika moja na nusu.

Swali lenyewe likoje?

Mtahiniwa hupewa maelezo mafupi na majibu 5. Anatakiwa achague lile ambalo, kama ni kweli, linaipa hoja nguvu kuliko mengine. Tutumie mfano wetu wenyewe:

"Mwaka jana kijiji kilichimba kisima. Mwaka huu wagonjwa wa kuhara kutoka kijiji hicho waliofika zahanati wamepungua kwa nusu. Kwa hiyo kisima kimepunguza kuhara."

A. Kisima kiligharimu fedha nyingi.
B. Mwaka huu zahanati ilifungwa kwa miezi 4.
C. Kijiji jirani hakina kisima, kinatumia zahanati hiyohiyo, na wagonjwa wake wa kuhara hawakupungua.
D. Mwenyekiti wa kijiji aliahidi tangu mwanzo kwamba kisima kitapunguza kuhara.
E. Kuhara ni hatari zaidi kwa watoto wadogo.

Unalijibuje?

Kwanza, tafuta hitimisho. Hapa linakuja baada ya maneno "kwa hiyo". Pili, tenga ushahidi: wagonjwa waliofika zahanati wamepungua. Tatu, tafuta pengo kati ya hayo mawili. Je, hakuna sababu nyingine? Huenda mvua zilikuwa chache, au watu hawakufika zahanati. Jibu sahihi ni lile linalosaidia kuziba pengo hilo.

Hilo ni C. Kama zahanati au hali ya hewa ndiyo iliyopunguza idadi, tungetarajia kijiji jirani nacho kionyeshe upungufu. Hakikuonyesha, basi kisima kinapata nguvu.

Jibu B linaibomoa hoja, kwa kuwa huenda wagonjwa walikuwepo ila walikuta mlango umefungwa. A na E hata yakiwa kweli hayagusi pengo. D ni mtego: ahadi ya kiongozi inarudia kile kinachotakiwa kuthibitishwa, haileti ushahidi mpya.

Mambo mawili ya kukumbuka. Usibishane na ukweli wa majibu, kwa sababu umeshaambiwa uyachukue kama kweli. Pia usitafute jibu linalothibitisha hoja kabisa. C halimalizi mjadala, kwani huenda kijiji chenye kisima kilijenga vyoo mwaka huohuo. Kuimarisha ni kuongeza uwezekano tu.

Nani anafaidika na mabadiliko haya?

Kwa watu wasioona, kikwazo cha wazi kimeondoka. Lakini kwa maoni yetu, kijana aliyejifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, wakiwemo watoto wa familia za Kiswahili zilizohamia Marekani, huenda sasa ana mzigo mzito zaidi. Mafumbo yalikuwa na maneno machache kuliko aya za hoja.

Hiyo nayo ni hoja, na ina pengo lake. Ingeimarishwa kwa kulinganisha alama za vijana hao kabla na baada ya Agosti 2024 na alama za waliokua na Kiingereza. LSAC yenyewe ilisema uchunguzi wake ulionyesha kwamba badiliko hilo halitarajiwi kugusa sana alama kwa ujumla. Kauli hiyo inahusu watahiniwa wote kwa pamoja. Kundi dogo linaweza kuumia bila wastani wa wote kuonyesha.

Kama una ndugu anayejiandaa, mwambie LSAC inatoa baadhi ya mitihani ya mazoezi bure kwenye ukurasa wake wa LawHub. Na wewe msikilizaji, ukitumiwa ujumbe kwenye simu kwamba dawa fulani imeponya watu, uliza swali lilelile la mtihani: wasioitumia walikuwaje?